Mozi na kisingizio cha majaliwa

Kila muhula tukifika kwenye neno ming, naandika ubaoni maana zake mbili: amri, na majaliwa. Herufi ya Kichina ni moja tu. Kisha tunafungua sura ya 35 hadi ya 37 za kitabu cha Mozi, mwanafalsafa wa China ya kale, zote zikiwa na jina moja: Fei Ming, "Kupinga Majaliwa".

Mozi aliishi karne ya 5 KK, na waliomkera ni wafuasi wa Confucius, mwalimu mwingine wa China. Kwao ilikuwepo kauli kwamba uhai na mauti vina ming yake, utajiri na heshima viko kwa Mbingu. Yeye akataka kila fundisho lipimwe kwa vipimo vitatu: matendo ya wafalme wema wa kale, yale ambayo watu wa kawaida wameyaona na kuyasikia, na faida yake kwa nchi.

Kipimo cha pili kwangu ni dhaifu. Nani, anauliza, amewahi kuyaona majaliwa au kuisikia sauti yake? Sawa, lakini kwingine anatumia hoja hiyohiyo kuthibitisha kwamba mizimu ipo, maana watu wameiona! (Ndiyo, mpinga majaliwa huyu aliamini mizimu.)

Cha kwanza ndicho kitamu. Mfalme Jie wa kale aliivuruga nchi, mfalme Tang akaipokea akainyoosha. Baadaye mfalme Zhou naye akaivuruga, mfalme Wu akainyoosha. Zama zilezile, raia walewale. Kilichobadilika ni mtawala. Hapo majaliwa yameingilia wapi?

Halafu anawageukia wazembe. Maskini mvivu wa kale, anasema, hakukiri kwamba alitegea kazi. Alisema ameandikiwa umaskini. Mfalme mwovu aliyepoteza kiti alijitetea vivyo hivyo. Na mkulima je, mbona anatoka alfajiri na kurudi jioni? Kwa sababu anajua akijikaza atashiba, asipojikaza atalala njaa. Mwaminishe kwamba mavuno yamekwisha kupangwa, uone kama jembe litatoka ndani.

Kuna msomi mmoja, Gongmengzi, aliyeshikilia yote mawili: kwamba utajiri na umaskini hupangwa na Mbingu, na kwamba muungwana lazima asome. Mozi akamwambia hiyo ni sawa na kumwamuru mtu azifunge nywele zake, kisha umvue kofia. Enzi hizo nywele zilifungwa ili kofia ikae.