Zile A-10 za jangwani si spea za bure

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu niliyedhani anajua: "Pale Tucson, Arizona, kuna A-10, zile ndege za kivita za kushambulia ardhini, kibao zimelala. Jeshi la anga la Marekani linahangaikaje na vipuri? Si wananyofoa tu?" Watu wanaiwazia kambi hiyo ya Davis-Monthan kama soko la spea la Gerezani, Dar es Salaam: unapita, unachagua, mnapatana bei, unaondoka na spea mkononi.

Kunyofoa kupo, sibishi. Ni kazi rasmi ya kitengo cha 309 kinachotunza ndege pale. Tena kunahitajika, maana A-10 ya mwisho ilikabidhiwa 1984, na kiwanda cha Fairchild Republic cha Farmingdale, New York, kikafungwa 1987.

Kinachonikera ni hilo "tu". Kipuri kinachotoka kwenye ndege iliyolala hakitoki na tagi ya njano, ile ya kipuri kizima kilicho tayari kufungwa. Kwa kawaida kinatoka na ya kijani, yaani kinatengenezeka, lakini bado hakijathibitishwa. Kinakwenda karakana, kinafunguliwa, sili zinabadilishwa, kinapimwa nyufa, kinawekwa benchi la majaribio. Kikifaulu ndipo kinapata ya njano. Kikifeli kinapigwa nyekundu, yaani cha kutupwa, na saa zote za mafundi zimepotea. Sasa ongeza saa za kukichomoa bila kuharibu jirani zake. Anayesema ni bure hajawahi kupambana na boliti iliyokaa juani miaka ishirini.

Halafu kuna jambo ambalo kila mtu angelijua kama angefikiri dakika moja: kipuri kinachokufa kwenye ndege zinazoruka ndicho kilichokuwa kinakufa kwenye zile zilizolala kabla hazijalala. Kile usichokihitaji kimejaa. Ukihitaji kile kinacholiwa na matumizi, wenzako wamekitangulia zamani, au kipo na kimechoka vilevile.

Tazama mabawa. A-10 za mwanzo zilikuwa na mabawa yenye bati la nje jembamba, na miaka ya kuruka chini na mizigo mizito ikayachosha. Mwaka 2007 Boeing ikapewa mkataba wa kuunda mabawa mapya, hadi seti 242. Mwaka uliofuata ikaonekana mipasuko kwenye yale ya zamani, na zaidi ya ndege 100 zikazuiwa kuruka hadi zikaguliwe. Seti 173 ndizo zilizofungwa, kazi ikakamilika 2019. Mabawa mapya, na jangwa limejaa ya zamani! Bawa lililolala linabaki na saa zote lilizoruka. Hewa kavu ya Arizona inazuia kutu, hairudishi uimara wa bawa.

Na lile wanalosema, kwamba kwenye A-10 kipuri cha "kushoto kunaingia kulia", nalo tulimalize. Ni kweli kwa injini za TF34, magurudumu makuu na mapezi wima ya mkiani. Stoo inapata mistari michache ya kuhesabu, na fundi aliye vitani anashukuru. Lakini kama gia ya magurudumu haipo, haipo pande zote mbili.

Mahali ninaposita ni kwenye hesabu ya uchovu, yaani kipuri kimechoka kiasi gani kwa saa kilizoruka. Kipuri kisichokuwa na namba yake ya ufuatiliaji hurithi saa za ndege kilimokutwa. Je, kilifungwa humo siku ya kwanza, au kilihamishwa kutoka nyingine miaka ya tisini na karatasi ikapotea? Tunachagua kadirio la tahadhari, tunasaini. Wakati mwingine tunatupa kipuri kizima kwa sababu ya karatasi. Wakati mwingine, naogopa, ni kinyume chake.

Tena yule aliyeniuliza ana hoja moja ambayo hakuitoa. Ndege ikishapangiwa kustaafu, hakuna kiwanda kitakachowasha mashine kwa oda ya vipande kumi na viwili, na kila inayostaafu inaleta shehena ya vipuri vyenye saa zinazojulikana. Miaka hiyo ya mwisho, kunyofoa kunaweza kuwa ndiyo akili kuliko kununua kipya. Bado kila kipande kitapitia benchi.