Vistari kumi si lazima viwe yuniti kumi

"Ukianza sindano, ujue umefika mwisho." Hii huisikii pengine zaidi ya kwenye mabenchi ya kliniki ya kisukari, na inaeleweka ilikotoka: watu walimwona jirani akianzishiwa insulini, haukupita muda akakatwa mguu. Lakini mguu ule uliharibiwa na miaka ya sukari kuwa juu, kabla ya sindano. Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini mwilini, huchoka kadiri ugonjwa unavyokaa, vidonge vikashindwa peke yake, ndipo insulini inapoongezwa.

"Bibi ameshazoea, anajua vistari vyake." Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Mabomba mengi ya sindano za insulini ya mililita moja, yale ya yuniti 100 (yuniti ni kipimo cha insulini), kila kistari kidogo ni yuniti 2. Ya nusu mililita, kistari ni yuniti 1. Bibi aliyezoea vistari kumi vya bomba dogo anachoma yuniti 10. Siku duka la dawa limeishiwa, mjukuu akaleta bomba kubwa, vistari vilevile kumi vinakuwa yuniti 20, na wala bibi hajakosea kuhesabu. Afundishwe kusoma namba iliyoandikwa kwenye bomba. Kama ana mtoto wa jicho, mwenye macho mazuri avute dawa na kuitaja namba kwa sauti.

"Babu anaropoka, uzee huo." Au sukari imeshuka. Mpime. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au kama hamna mashine, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Akiwa hana fahamu, usimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Wanaotumia baadhi ya dawa za presha, kama atenolol, huenda wasitetemeke wala moyo usiwaende mbio. Jasho hubaki, kwa hiyo mguse paji la uso na shingo.

"Hatuna friji, itaharibika tu." Kichupa cha insulini kilichofunguliwa kwa kawaida hukaa takribani wiki nne nje ya friji, mbali na jua na joto kali. Kwenye joto la Pwani, kitie ndani ya kopo lenye mfuniko, kopo likae ndani ya mtungi wa udongo uliolowa, kivulini. Wenye friji nao wasikiweke kwenye barafu: insulini iliyoganda haifai tena, hata ikishayeyuka.