Majivu ya Jikoni: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

“Moto huzaa jivu,” husema wazee mtoto wa shujaa anapotokea kuwa goigoi. Methali hiyo imewazoesha wengi kuliona jivu kama kitu kilichokwisha nguvu, cha kuzolewa mafigani na kumwagwa nyuma ya nyumba. Sivyo. Moto huondoa maji na kaboni ya kuni. Madini ambayo mizizi iliyavuta kutoka udongoni, kama kalsiamu, potasiamu na magnesiamu, hubaki. Masizi yaliyo chini ya sufuria ni kitu kingine: hayo ni kaboni ambayo haikuungua ikaisha.

Zamani Wazungu walichuja maji ya jivu, wakayachemsha vyunguni hadi yakauke. Unga uliobaki wakauita jivu la chungu, na humo ndimo lilimotoka jina potasi. Mwaka wa 1807 Humphry Davy alitenga metali laini kutoka kwenye potasi kwa kutumia umeme, akaiita potasiamu. Alama yake ya K nayo asili yake ni Kiarabu: al-qali, yaani jivu la mimea, neno lililotupa pia alikali, yaani kitu kilicho kinyume cha asidi.

Akina mama wa Kakamega, Butere na Vihiga, magharibi mwa Kenya, wana kemia hiyohiyo jikoni. Maganda makavu ya maharagwe huchomwa, jivu likatiwa kwenye chombo chenye matundu chini, maji yakamiminwa juu taratibu. Yanayodondoka, rangi ya chai ya mkandaa, ndiyo musherekha. Mrenda na kunde hulainika upesi kwa sababu alikali hulegeza kile kinachoshikilia majani pamoja.

Hapa ndipo watu huchanganya mambo. Wapo wanaosema musherekha ni magadi, na wapo wanaosema ni chumvi ya kienyeji inayotosha badala ya ile ya dukani. Magadi huchimbwa ziwani na asili yake ni sodiamu; maji ya jivu yana potasiamu kwa wingi. Wala hayana madini joto yanayotiwa kwenye chumvi ya dukani ili kuzuia rovu. Mgonjwa wa figo asiambiwe kwamba musherekha hauna neno kwa kuwa ni wa asili: figo dhaifu hushindwa kuitoa potasiamu, nayo ikizidi mwilini huvuruga mapigo ya moyo. Na anayepika aweke kidogo tu, maana alikali nyingi huharibu vitamini C ya mboga.

Shambani nako jivu husifiwa kuliko linavyostahili. Naitrojeni, inayoyapa mahindi ukijani wake, huondoka na moshi, kwa hiyo jivu haliwezi kushika nafasi ya samadi. Kazi yake kubwa ni kupunguza uchachu wa udongo, na mashamba mengi ya Magharibi yana uchachu huo. Lisichanganywe na yuria wala samadi mbichi, kwani litaifukuza naitrojeni hewani kama amonia. Mwenye majani chai asilimwage huko kabisa! Mchai hupenda udongo mchachu.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya kumpaka mtoto mchanga jivu kitovuni ili kikauke haraka. Anayefanya hivyo huwa anamtakia mtoto heri, na huenda ndivyo alivyofundishwa na mkwewe. Lakini jivu lililolala mafigani limekwisha kuchanganyika na vumbi na kinyesi cha kuku, na humo hukaa vijidudu vya pepopunda. Kidonda cha kitovu ni mlango wazi kwao. Kitovu kiachwe safi na kikavu, kisipakwe chochote ambacho mhudumu wa afya hakukitoa. Ngozi ikiwa nyekundu pembeni, usaha ukitoka, au mtoto akishindwa kunyonya, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.