"Ni maoni tu": komenti kuhusu mashoga na wasagaji, na ukweli wake

Ikipostiwa habari yoyote ya mashoga au wasagaji, komenti huwa zilezile. Nimechagua nne.

"Mahakama ya Juu Kenya imewaruhusu kuoana." Ndoa haikuguswa. Tarehe 24 Februari 2023, majaji watatu kati ya watano waliamua kwamba serikali ilikosea kukataa kusajili shirika linalotetea haki zao. Basi. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza ngono "kinyume cha maumbile", bado kipo, na adhabu yake yafika miaka 14 jela. Waliosambaza hukumu ile kwa hasira, naona wengi hawakuisoma.

"Haya mambo yameletwa na wazungu." Walicholeta wazungu ni hicho kifungu. "Kinyume cha maumbile", ambayo watu huiandika kana kwamba ni usia wa mababu, imo katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyotungwa na Waingereza. Wakaja nayo huku, ikaingia kifungu cha 162 cha Kenya na cha 154 cha Tanzania. India yenyewe, mwaka 2018, mahakama yake kuu kabisa ilisema watu wazima walioridhiana wasiadhibiwe tena. Sasa sikiliza maneno yetu: basha, hanithi, msagaji. Lipi limetoka Kiingereza? Na shoga je? Mwambaoni mwanamke humwita hivyo mwenzake wa kike, rafiki wa kupeana siri, na mpaka leo utasikia "shoga'angu" ukumbini harusini bila mtu kushtuka. Tusi tumelitengeneza wenyewe.

"Ni wagonjwa, watibiwe." Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990.

"Ni maoni tu, komenti haimpigi mtu." Nenda Mtwapa, mji wa pwani ya Kenya, Februari 2010. Ulienea uvumi kwamba wanaume wawili wanaoana. Umati ukavamia kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, kilichokuwa kikitoa huduma za Ukimwi, watu wakapigwa, na polisi wakawakamata walioshambuliwa badala ya washambuliaji. Uvumi ule ulihitaji siku kadhaa kuenea. Leo mtu hupiga skrinishoti ya profaili, akaongeza jina la mtaa, akaitupa kwenye grupu la WhatsApp kabla chai haijapoa.