Mtoto Jasiri Sio Yule Asiyelia

Juni 16 inakaribia, Siku ya Mtoto wa Afrika, tunapowakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliopigwa risasi 1976, na kila mwaka ikifika hivi tunaulizwa swali lilelile, "afisa, nifanyeje mwanangu awe jasiri?" Swali zuri. Ila ukimuuliza mzazi ujasiri ni nini, anakwambia asilie akichomwa sindano, na wenzake wakimpiga arudishe. Jamani!

Sisi wa ustawi wa jamii tunahangaika na ujasiri wa mdomo. Mtoto aweze kusema "mama, chupa ya chai nimevunja mimi", na aweze kusema "mjomba kanishika vibaya kaniambia nisiseme". Ni ujasiri uleule, maana aliyekula fimbo siku ya chupa atanyamaza siku ya mjomba. Kwahiyo chupa ikipasuka anza na "umefanya vizuri kuniambia", afu ndo muongee atailipaje, hata kwa kuosha vyombo wiki nzima. Shikamoo afundishwe, sawa, lakini asikie kwa mdomo wako kwamba kumkatalia mkubwa anayemgusa vibaya sio kukosa adabu.

Na akikwambia kaguswa vibaya, usimhoji kama polisi. Usimuogeshe, nguo usizifue, ziweke kwenye mfuko wa karatasi sio wa plastiki, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi mpewe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali (kama hali yake mbaya anzeni hospitali), na hospitali mfike mapema, zisipite saa 72, maana dawa za kuzuia VVU zina muda wake. Au piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Kukaa kikao cha ukoo mkalipana mbuzi sio utaratibu, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 kifungu cha 95 inamtaka yeyote mwenye taarifa aripoti, yeyote, hata jirani.

Na wanaosema serikali imekataza kumrudi mtoto hawajaisoma hiyo sheria. Kifungu cha 13 kinakataza adhabu ya kupitiliza umri na hali yake, na ukikivunja, cha 14 ni faini isiyozidi milioni 5 au jela isiyozidi miezi 6 au vyote. Kumkanya ni kazi yako, ofisi haiingilii.

Mkifika dawatini mwache aongee mwenyewe. Akiulizwa yeye, mama unajibu wewe wa nini?