Bendi nyeusi kwenye filamu si shabaha

Filamu ya eksirei ya jaribio la kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini) ni ile ile kila mara: bendi moja nyeusi ya protini iliyopata fosfeti yenye mnururisho, mshale mwekundu, na maelezo kwamba "protini hii ni shabaha ya kinasi ile". Jamani! Bendi hiyo inasema tu kwamba ndani ya tyubu kinasi inaweza kuibandika protini hiyo fosfeti. Kama inaibandika kwenye seli hai, filamu haijui.

Tazama CK1 na CK2. Ziliitwa kinasi za kasini kwa kuwa kasini ya maziwa hupatikana kirahisi na zenyewe huibandika fosfeti bila shida. Lakini kasini hupitia Golgi (vifuko vinavyoandaa protini za kutolewa) ikatolewa nje ya seli, na CK2 makazi yake makubwa ni sitoplazimu na kiini. Zitakutana wapi? Fam20C, kinasi ya Golgi inayoifanya kazi hiyo kweli, ilitambuliwa mwaka 2012. Yenyewe hutafuta serini (amino asidi inayopokea fosfeti) yenye mfuatano S-x-E, yaani serini, amino asidi yoyote, kisha glutamati. Jina la zamani limebaki, na linapotosha wanafunzi mpaka leo.

Tyubu haina kuta za Golgi, haina fosfatasi (vimeng'enya vinavyobandua fosfeti), na kinasi humwagwa humo kwa wingi usiopatikana kwenye seli. ATP (molekuli inayotoa fosfeti) baridi, yaani isiyo na mnururisho, huwa mikromola 50 hadi 100, ilhali seli ina milimola kadhaa. Ukiacha mchanganyiko nyuzi 30 kwa saa nzima, karibu kila serini iliyo wazi itapata kitu. Simamisha baada ya dakika 10 au 15, kata bendi kwenye jeli, pima fosforasi-32 kwa kihesabu cha mng'aro, kisha kokotoa moli za fosfeti kwa kila moli ya protini. Ukipata 0.02, umebandika molekuli moja katika 50, hata filamu iwe nyeusi kama lami. Mimi chini ya 0.1 huanza kushuku. Mpaka huo ni wangu, si sheria.

Kinasi iliyovutwa kutoka kwenye seli kwa kingamwili huja na jamaa zake, yaani protini nyingine zilizoishikilia, hata kinasi nyingine. Tyubu ya ulinganisho isiyo na kinasi haikulindi dhidi ya hilo, unahitaji kinasi iliyouawa (amino asidi ya lisini ya kushikia ATP ibadilishwe kuwa methionini; kwenye kinasi ya PKA ni K72, yaani lisini ya 72) na iliyosafishwa kwa njia ile ile. Hata hiyo haitoshelezi kabisa, kwa sababu kinasi mfu inaweza kuvuta jamaa tofauti na hai. Tena angalia uzito: kinasi hujibandika yenyewe, na mkia wa GST (protini inayounganishwa ili kurahisisha usafishaji) huongeza kilodaltoni 26. Mara ngapi "shabaha" imekuwa kinasi yenyewe!

Njia ya mwanakemia Kevan Shokat ninaipenda zaidi. Mwaka 1997 alionyesha kwamba ukipanua mfuko wa ATP wa kinasi ya v-Src kwa mabadiliko mawili, V323A na I338A, kinasi hiyo hutumia ATP yenye kibonge kwenye N6 (nitrojeni ya adenini), na kinasi nyingine hukwama nayo. Siku hizi kinasi iliyobadilishwa tunaipa ATPγS (ATP yenye salfa kwenye fosfeti ya mwisho) iliyo na kibonge cha benzili, tunaongeza PNBM (kemikali inayogeuza thiofosfeti, yaani fosfeti yenye salfa, kuwa esta) milimola 2.5 kwa saa moja kwenye joto la chumba, kisha tunatumia kingamwili inayotambua esta ya thiofosfeti. Weka sampuli ya kinasi asilia iliyopitia PNBM ile ile. Bila hiyo usinioneshe chochote. Kero zake: baadhi ya kinasi hudhoofika zikibadilishwa, nyingine hazitaki thio, na ATP hiyo haipenyi utando, hivyo inabidi kutoboa seli kwa digitonini (sabuni ya kutoboa utando), na huku umeshavuruga mpangilio uliokuwa unautafuta.

Kuizuia kinasi ndani ya seli kwa dawa, kisha kupima fosfeti zinazopungua kwa spektromita ya masi? Vizuri, ila vuna seli ndani ya dakika 5 hadi 10. Baada ya saa moja unapima majirani wa majirani, si shabaha za moja kwa moja.

Halafu aspati, amino asidi yenye chaji hasi inayotumiwa kuiga fosfeti. Kubadilisha serini kuwa aspati hakuleti fosfeti. Chaji haifiki mbili hasi na umbo ni tofauti. Protini za 14-3-3, ambazo hushika serini yenye fosfeti, kwa kawaida hazidanganyiki. Anza kwa kubadilisha serini hiyo kuwa alanini, isiyoweza kupokea fosfeti, uone kama kazi ya protini inapotea, ndipo uniletee filamu.