"Padri kanisema leo" na dhana nyingine kuhusu masomo ya kila siku

"Leo padri kanisema mimi." Kauli hii haikosekani watu wakitoka kanisani Kigoma, hasa Injili ikigusa deni au ndoa. Wanaoitoa wanaamini padri ndiye aliyechagua somo. Kwa kawaida hachagui, ukiacha Misa kama za ndoa na mazishi. Ratiba ya masomo ya Misa ya Kanisa Katoliki ilitolewa mwaka 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu), na linalosomwa Ujiji Dominika hii ndilo linalosomwa Kasulu, Tabora na Roma. Dominika huzunguka kwa miaka mitatu: mwaka A ni Injili ya Mathayo, B Marko, C Luka. Yohane hana mwaka wake. Husikika zaidi Kwaresima na Pasaka. Mwaka unaogawanyika kwa 3, kama 2025, ni C, ila huanza tangu Majilio, yale majuma ya kujiandaa na Noeli, ya mwaka uliotangulia. Siku za juma, Injili hurudi kila mwaka na somo la kwanza, nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka, kila baada ya miaka miwili. Mahubiri, hayo ni ya padri mwenyewe. Kama kakusema, basi kakusema hapo.

Dhana inayowafunga watu midomo jumuiyani, pale waumini majirani wanaposali pamoja, ni kwamba kutafakari ni kazi ya katekista, yaani mwalimu wa dini, au ya aliyepita seminari. Injili inasomwa, kiongozi anauliza nani atatushirikisha, kila mtu anaangalia mkeka. Sasa chukua Luka 5, Injili ya Alhamisi ya juma la 22 la Mwaka, yaani la kipindi cha kawaida cha Kanisa. Petro na wenzake wamevua usiku kucha, hawajapata kitu, na Luka anataja kabisa kwamba walikuwa wakiosha nyavu. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi hahitaji kueleweshwa hapo. Nyavu zimeshaoshwa, usingizi umemjaa, halafu anakuja mtu ambaye si mvuvi anamwambia arudi kilindini. Tena mchana, wakati yeye dagaa wake huwafuata usiku kwa taa! Akieleza tu kwa nini agizo lile lingemkera, amekwisha kuingia ndani ya somo, na swali la Petro alitii kwa nini linakuja lenyewe.

Hiyo haina maana kwamba lolote linalomjia mtu kichwani ni tafakari. Dei Verbum, hati ya Mtaguso ule ya 1965 kuhusu Neno la Mungu, inataka tutazame kwanza mwandishi alikusudia kusema nini. Ndiyo maana ile tabia ya kufumba macho, kufungua Biblia popote na kuweka kidole siipendi. Masomo ya siku za juma mara nyingi huendelea kutoka yalipoishia jana, kwa hiyo aliyesoma ya jana ana mwanga zaidi leo.

Na wapo wanaodhani ukihudhuria Misa kila siku kwa miaka mitatu umemaliza Biblia. Injili utakuwa umezisikia karibu zote. Agano la Kale, sehemu kubwa haisomwi Misani: zile orodha ndefu za koo mwanzoni mwa Mambo ya Nyakati utazisoma mwenyewe nyumbani.